Kati ya Kibao cha Mwisho na Kibao cha Mwanzo

Siku mliyoniaga, ninyi vijana wa atelye, karakana yetu ya vibao, mlinipa kofia mpya na soda iliyopata moto juani, mkaniomba jambo moja: niandike namna ya kuzuia rangi isilie. Ndivyo tunavyosema herufi inapochuruzika na kuacha michirizi hadi chini ya bati. Nitaandika, kwa kuwa hilo nalijua. Nitaandika pia habari za kijiji cha Samboni, ambazo hamkuniomba, na ambazo kila zinaponijia, hata nikiwa peke yangu nyumbani, najikuta natafuta mahali pa kuficha uso.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Nchi imekatwa majimbo, jimbo limekatwa teritwari, teritwari imekatwa sheferi na sekta, na chini yake gurupema, na mwisho kabisa vijiji. Wakubwa hukata mezani kwa kalamu. Mama anayetembea na mihogo kichwani haioni kalamu hiyo. Anachokiona ni sisi: bati, nguzo na rangi. Bila kibao angevuka kutoka utawala mmoja hadi mwingine asijue, na pengine angelala vizuri zaidi.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa mtaa wa Ngezi, hapa Bunia. Niliambiwa ni kazi ya Leta, na Leta ndiyo serikali, basi nikavaa shati jeupe. Muzee Gabrieli, fundi mkuu wa atelye, aliponiona alicheka hadi akashika ukuta.

“Mutoto, weye unakuja kuoa ao unakuja kupaka?”

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kibao kikubwa cha kuingilia mjini. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mimi, katika kujitia uzoefu, nikakiegemea. Jioni nilirudi nyumbani kwa kupitia mtaa wa Nyakasanza na jina la Bunia mgongoni, limegeuka nyuma mbele, jekundu. Wamama wa soko hawakuniacha, wakaniita komini, yaani manispaa.

“Ona, komini inatembea!”

“Komini, simama, tukuonyeshe vile takataka imejaa huku!”

Ile ndiyo aibu yangu ya kwanza kazini. Ilikuwa aibu nzuri. Ilitoka kwa sabuni na mafuta ya taa.

Muzee Gabrieli alikata herufi zake kwenye picha za mifupa, zile nyeusi zinazotupwa na hospitali. Ukiinua herufi A kwenye mwanga wa dirisha, uliiona imekaa katikati ya mbavu za mtu. O ilikuwa kwenye goti la mtu. Nilizoea, lakini mwanzoni nilikuwa nikiwaza: mtu huyu alipona? Anajua kwamba kifua chake sasa kinaandika majina ya vijiji? Siku hizi mna mashine inayokata plastiki, na herufi zenu ni safi, wala hazina mifupa.

Kuhusu rangi kulia, haya ndiyo aliyonifundisha. Bati lioshwe kwa majivu na sabuni, lisuguliwe, lipakwe kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, liachwe likauke kabisa, hata kama shefu anapiga honi nje. Rangi ya juu iongezwe esansi, yaani petroli, kidogo sana. Brosi ichovywe nusu. Usianze herufi juu. Anza katikati, upeleke rangi juu, kisha ushuke nayo. Na kibao kisimamishwe chini kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuinua uso kukisoma. Wengi husahau hili la mwisho, hasa waliozoea kupita ndani ya gari.

Lakini alilolipenda kuliko yote lilikuwa kukanyaga. Kibao cha mpaka hakisimami hadi udongo wa shimo lake ukanyagwe na mtu wa upande huu pamoja na mtu wa upande ule. Muzee Gabrieli alikuwa akishika nguzo kwa mikono miwili na kukataa kuiachia kabla ya watu hao kufika. Niliwahi kumwona ameishika jua lote la mchana, wakati mtu wa upande wa pili anatafutwa shambani.

“Wakikanyaga pamoja, kesho hakuna mutu atasema kibao kilitembea,” alikuwa akisema, jasho likimwingia machoni.

Miaka ya vita ilifuata, na Muzee Gabrieli hakuiona ikiisha. Vibao vyetu vingi viliondoka. Nguzo zilipikia maharage, mabati yaliezeka vibanda. Katika kambi moja nilikuta kibao chetu kilichoandikwa KARIBU kimefanywa mlango wa nyumba ya turubai ya mama mmoja na watoto wake. Sijawahi kuiona karibu iliyotumika vizuri kuliko ile. Sikumwambia kwamba ni mali ya Leta.

Kisha jimbo letu kubwa, lile lenye makao yake Kisangani, likakatwa, na Ituri ikawa jimbo kwa jina lake. Bunia ilicheza. Sisi atelye tulicheza kidogo tu, maana kila kibao kilikuwa na jina la jimbo juu, na kila jina lilitakiwa libadilishwe. Tulipaka mpaka kucha zetu zikawa za buluu. Nakiri nilikuwa na furaha. Kuandika neno ITURI peke yake kwenye mstari wa juu, bila jina la mtu mwingine kulilalia, kulinipa raha niliyokuwa sijaipata tangu Muzee Gabrieli afe. Niliamini kila bati linalotoka mlangoni linawapelekea watu Leta iliyo karibu zaidi. Hivyo ndivyo redio ilivyokuwa ikisema.

Katika kazi hizo zilikuja oda mbili kutoka teritwari mbili zinazopakana, huko mbele ya Komanda. Majina yake nitayaacha. Wakubwa wake wote wangali hai na simu zao zinaita. Biro ya kwanza, yaani ofisi ya teritwari moja, ilitaka kibao cha MWISHO WA TERITWARI. Majuma kadhaa baadaye biro ya pili ikataka cha MWANZO WA TERITWARI. Nilivipaka vyote viwili kwa mkono wangu. Vilikaa ndani ya atelye vikitazamana, na mimi nikapita kati yavyo kila siku nikienda kunywa chai.

Nilitumwa kusimamisha cha kwanza. Shefu wa ile biro aliniita pembeni kabla sijapanda gari.

“Usivuke daraja,” aliniambia. “Ukivuka tu, daraja ni letu. Likiwa letu, tutalitengeneza na nini?”

Lile daraja lilikuwa la magogo, limeoza. Biro ya pili ililiogopa vilevile, ikaamua kibao chake kikae mbali nalo kabisa, juu ya kilima. Kwa hiyo teritwari moja iliishia kabla ya daraja na nyingine ilianzia kilimani. Kati ya daraja na kilima kulikuwa na kijiji cha Samboni.

Niliendeshwa na Kambale, dereva wetu, mtu ambaye ukoo wake ulihamia Bunia kutoka Butembo na kinywa chake hakijahama bado. Tulipofika darajani tulikuta watu wamejaa barabarani. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari, wanaimba. Nilidhani kuna askofu nyuma yetu, nikageuka kutazama. Hakukuwa na mtu. Walikuwa wakituimbia sisi.

Aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mfupi, kitenge amekifunga kama mtu aliye kazini. Jina lake Mama Dorika. Alikuwa mkunga wa Samboni, na nyumba yake ya uzazi, ya udongo na vyumba viwili, ilionekana ng’ambo ya daraja.

“Karibuni, Leta,” alisema. “Tuliwangoja mpaka tukasahau sura yenu.”

“Mama, sura ya Leta njo hii?” Kambale alimwuliza, akininyooshea kidole mimi na madoa yangu ya rangi.

“Iko na madoa, lakini imefika.”

Walitupitisha kwenye magogo kwa kutushika mikono. Mama Dorika alipiga goti, akanimwagia maji ya kunawa, kisha akaleta kuku na lituma, ndizi zilizopondwa kwa mafuta ya mawese. Nilikula sana. Wakati nakula ndipo alipoanza kueleza, na kila neno lake lilinikuta na mfupa mdomoni.

Alikuwa akienda kwenye biro zote mbili kuomba dawa ya kuzuia damu, glovu, taa, na mtu wa kumtambua kwamba yupo. Kote walimjibu jambo lilelile: mama, ngoja kibao; kibao kikifika tutajua weye ni wa nani. Basi kijiji kizima kilikuwa kikingoja kibao. Kuku yule alikuwa wa kibao.

“Sasa, fundi, utakisimamisha wapi?” aliniuliza.

“Kwa daraja, mama. Mbele ya kuvuka, kule tulikotoka.”

“Siye tuko huku, kisha kuvuka.”

“Njo vile waliniambia.”

“Basi ni siye wa teritwari ya mbele?”

“Ile ya mbele itaanza kule kilimani.”

Alitazama kilima, akatazama daraja, kisha akanitazama mimi.

“Katikati iko nini?”

Mkononi nilikuwa na brosi ambayo siku ile sikuwa nimeitumia hata mara moja. Nikachukua kitambaa, nikaanza kuipangusa.

“Mimi ni mupakaji tu, mama.”

“Minaona. Lakini jembe iko yako, na nguzo iko yako. Pale kisha nyumba yangu udongo ni laini. Ukipeleka pale, siye tunakuwa ndani. Ao ungojee kile kingine, ukilete huku chini. Kwangu yote ni sawa. Usituache tu katikati. Damu ya muzazi haingojei biro.”

Kutoka darajani hadi nyuma ya nyumba yake ni mwendo wa mtu kuita na kuitikiwa. Kambale alikuwa ameshashika nguzo begani. Alinitazama na kusema kwa sauti ndogo, bila mzaha kwa mara ya kwanza tangu nimjue: “Papa, sema tu. Mi napeleka.”

Nilisema turudi darajani.

Nilichimba shimo kwa ufundi wangu wote. Ilipofika wakati wa kukanyaga, biro ya kwanza haikuwa imetuma mtu, na mtu wa upande ule hakuwepo, kwa sababu biro ya pili ingekuja peke yake na siku yake. Nilishika nguzo kama nilivyofundishwa, nisijue namngoja nani. Watoto walikuwa wameacha kuimba. Mama Dorika akavua ndala zake, akaingia kwenye ule udongo mbichi.

“Mutu wa upande huu hakuna, mutu wa upande ule hakuna,” alisema. “Basi mimi nitakanyaga pande zote mbili.”

Akakanyaga kwa mguu wa kulia, akakanyaga kwa wa kushoto, taratibu, mpaka udongo ukashika. Kisha akanawa miguu mtoni, akaenda zake, maana kulikuwa na mzazi aliyekuwa ameanza uchungu. Mimi nilibaki nimekumbatia nguzo iliyokuwa imeshasimama vizuri.

Njiani Kambale alizungumza mara moja tu.

“Kuku ulimaliza?”

Baadaye Mama Dorika alifika atelye, hapa Bunia. Alikuwa amepanda pikipiki kutoka Komanda akiwa na ubao alioutoa kwenye kitanda chake mwenyewe. Alitaka kibao cha nyumba ya uzazi. Alisema biro ya kwanza imemwambia kwamba yuko baada ya mwisho wao, na ya pili imemwambia yuko kabla ya mwanzo wao. Hakulia. Aliiga hata sauti zao, na ninyi mliokuwapo mlicheka, mimi pia nikacheka, kisha nikaacha.

Kibao cha namna ile kina mistari mitatu: kazi ya nyumba, jina la kijiji, jina la teritwari. Niliandika NYUMBA YA UZAZI. Nikaandika SAMBONI. Mstari wa tatu nikaupaka rangi nyeupe tu, laini, nikauacha.

“Na hapa?”

“Nitauliza shefu kwanza, mama. Akisema, nitaandika.”

“Weye ulipaka vibao vyote viwili,” alisema. “Chagua moja.”

“Sina ruhusa.”

Aliukunja uso, kisha akaukunjua, kama mtu aliyekosea nyumba. “Kumbe hata weye,” alisema, akajitwika ubao kichwani, mstari mtupu ukitazama mbele. Nilimwuliza shefu wangu. Alisema tungoje. Tukangoja mpaka na mimi nikastaafu, na hapo katikati sikuuliza tena.

Majuzi nilikwenda Komanda kwenye ndoa ya mtoto wa dada yangu. Sikuwa nimepanga kufika Samboni, ingawa begini, chini ya suti, nilikuwa nimeweka kopo la rangi nyeusi na brosi. Kambale, ambaye sasa ana pikipiki yake na hasikilizi amri ya mtu, alinipeleka. Magogo ya daraja yamepungua. Kibao changu cha mwisho kingali pale. Rangi yake haijalia hata chembe, na hilo lilinichoma kuliko kama ningekikuta kimeanguka.

Mama Dorika amezeeka, ameanza kutumia fimbo. Kibao chake kiko mlangoni, na mstari wa tatu una maandishi. Nilisogea. Yalikuwa ya makaa, jina la teritwari ya kwanza.

“Wakubwa wa huku wanakuja kesho,” alinieleza. “Wakitoka, ninapangusa. Wale wa kule wakikuja, ninaandika yao.”

“Na dawa?”

“Wote wanapiga picha na kibao.”

Wamama waliokaa barazani na matumbo yao walikuwa wakitusikiliza. Akawageukia. “Huyu njo fundi mwenye alituachia nafasi. Angeandika moja, hawa wengine hawangefika hata kwa picha.” Wakapiga makofi. Wakaniita muzee wa akili. Mmoja aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, akaja kunisalimu.

Sikuweza kuyabeba makofi yale. “Mama Dorika,” nilisema mbele yao, “sikuwaachia kitu. Niliogopa.”

“Nilijua,” alijibu. “Siku ile ulikuwa unapangusa brosi yenye haina rangi. Lakini hawa wanapenda kusikia iko mutu alitufikiria. Waache.”

Kambale aligeuka akatazama pikipiki yake. Nilitoa kopo begini. Nikamwambia nitaandika sasa, na zaidi ya hapo, nitakwenda darajani kung’oa kile kibao, nikilete nyuma ya nyumba yake kwa mikono yangu. Alicheka, cheko la upole, kama anavyowacheka wazazi wanaoogopa.

“Fundi, weye sasa hauko tena Leta. Kibao kikihamishwa na mutu wa Leta, inakuwa mupaka. Ukihamisha weye, inakuwa wizi wa bati. Watakufunga, na mimi sina mutu wa kukupelekea chakula.”

Alisema kweli. Nilikuwa na ruhusa miaka yote ile bila kujua kwamba ndiyo hiyo: koti la kazi, gari lenye alama, nguzo juu ya bega la Kambale. Mama Dorika akapiga goti, kwa shida safari hii, akashika jagi la maji ya kunawa. Nilimwomba asifanye hivyo. Akasema mgeni ni mgeni. Nikanyoosha mikono, nikanawa, nikala, na sikumwangalia mtu.

Baada ya kula niliazima jembe. Hakuna sheria inayomkataza mzee kuchimba shimo.

“Papa, unazika nini?” Kambale aliniuliza. Kisha akavua shati akanisaidia.

Shimo liko nyuma ya nyumba ya uzazi, pale penye udongo laini, kulia kwa njia ukitokea darajani. Lina kina cha kufika nyongani. Mawe ya kukazia nguzo nimeyapanga pembeni kwa ukubwa, na juu nimefunika kwa mbao ili mbuzi wasitumbukie. Bati la darajani msilipake upya; liko salama. Lihamisheni tu. Kopo la rangi nimeliacha kwa Mama Dorika, na mstari wake wa tatu mtauandika ninyi, siku hiyohiyo, kwa rangi.

Vaeni makoti. Mwende na gari la Leta, mchana, watu waone. Mkiogopa, na mtaogopa, msitoe brosi mfukoni. Mama Dorika amesema atakanyaga mwenyewe, kama ataendelea kuwa na miguu. Safari hii anataka kukanyaga upande mmoja tu.